Motisha Si Mshahara

Ndugu wafanyakazi wa Lodwar, Kakuma na Kalobeyei,

Katika mikutano yetu kuna swali moja ambalo limekuwa likiulizwa na wengi, wanaume kwa wanawake, wenye kazi ya ofisini na wenye kazi ya jua. Muuguzi ameliuliza, mwalimu ameliuliza, na mlinzi wa usiku ameliuliza kwa maneno yake mwenyewe. Swali ni hili: Mtu afanye nini akiona moyo wa kazi umemtoka? Asubuhi anaamka, anavaa, anakwenda, anatia sahihi kitabuni, lakini moyo umebaki nyumbani.

Hili ni swali la haki, na chama hakiwezi kulipuuza kwa kusema kwamba sisi twashughulika na mishahara tu. Mtu hutumia kazini sehemu kubwa ya saa anazokuwa macho. Akizimaliza saa hizo bila furaha wala maana, hata mshahara mzuri hautazirudisha.

Lakini twaona pia kwamba swali hili limekuwa likijibiwa upande mmoja. Siku hizi huja wasemaji katika kumbi za hoteli, wakakaa siku mbili, wakawaambia wafanyakazi wajipe moyo, wapende kazi yao na waache kulalamika. Kisha hupanda ndege wakarudi Nairobi. Hatuwachukii watu hawa, na baadhi ya maneno yao ni ya kweli. Ila mwajiri akisikia maneno hayo peke yake, hufurahi mno, kwa sababu hudhani kwamba amepata dawa isiyogharimu kitu. Basi leo twataka kulieleza jambo hili kwa ukamilifu, sehemu ya mfanyakazi na sehemu ya mwajiri, kila moja mahali pake.

MOYO HAUANGUKI BURE

Kwanza tuseme wazi kwamba mfanyakazi wa Turkana aliyechoka si mvivu. Yatupasa kuangalia kazi ilivyo hapa.

Joto la mchana katika Lodwar hufika digrii 35 na zaidi kwa siku nyingi za mwaka. Barabara ya kutoka Nairobi ni kama kilomita 700, na wengi wetu tuna watoto upande wa pili wa barabara hiyo. Kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni kama kilomita 120 nyingine. Muuguzi wa zahanati ya mbali huwa peke yake: ndiye mganga, ndiye mkunga, ndiye karani wa dawa, na wakati mwingine ndiye mfagiaji. Mwalimu wa shule ya kambini husimama mbele ya watoto mia moja na zaidi katika darasa moja. Fundi wa pampu ya maji akikosa kipuri kimoja, kijiji kizima humwangalia yeye kama kwamba yeye ndiye aliyekificha.

Mishahara nayo huchelewa. Kaunti nyingi za Kenya zimekuwa na taabu hii, kwa kuwa fedha kutoka Hazina ya Serikali hufika zimechelewa, na mtu wa mwisho kuambiwa sababu ni yule anayedaiwa dukani. Katika mashirika ya misaada taabu ni nyingine: mkataba wa miezi mitatu, kisha miezi sita, kisha kungoja kuambiwa kama mfadhili amekubali. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipopunguzwa, watu wengi waliachishwa kazi kwa muda mfupi sana, na miongoni mwao walikuwamo watu waliofanya kazi yao vizuri kwa miaka mingi. Waliobaki waliona. Mtu aliyeona jirani yake mchapakazi akifukuzwa hawezi kuambiwa kwamba bidii peke yake yatosha.

Tena kuna jambo la zamani ambalo bado halijaisha. Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mtu hakuingia bila ruhusa. Serikali ya kikoloni iliitumia kuwa mahali pa kutupa watu iliowaogopa. Dhana hiyo imebaki vichwani mwa watu. Mpaka leo utasikia afisa akimtisha karani wa mjini: "Ukiendelea hivyo utapelekwa Turkana." Maneno haya ni matusi mara mbili. Yanamtukana mwenyeji, ambaye hapa ndipo kwao, na yanamharibu mfanyakazi kabla hajafika, maana mtu aliyeletwa kwa adhabu atahesabu siku kama mfungwa. Ofisi inayotumia uhamisho kuwa fimbo isije ikauliza baadaye kwa nini watu wake hawana moyo.

MAMBO MAWILI YASICHANGANYWE

Mwaka 1959 mtaalamu mmoja wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake wawili, alitoa kitabu juu ya jambo hili. Walikuwa wamewahoji wahandisi na wahasibu kama 200 katika mji wa Pittsburgh. Waliwauliza: Ni lini ulijisikia vizuri sana kazini, na ni lini ulijisikia vibaya sana? Walipozilinganisha hadithi waliona kwamba mambo yaliyowafurahisha watu na mambo yaliyowaudhi hayakuwa yale yale. Waliofurahi walisema habari za kazi waliyoimaliza vizuri, za kutambuliwa, za kukabidhiwa madaraka, za kupanda daraja, na za kazi yenyewe kuwa nzuri. Waliochukizwa walisema habari za kanuni mbaya za ofisi, wasimamizi wabaya, mishahara na hali ya mahali pa kazi.

Herzberg akafundisha kwamba mshahara na hali nzuri huondoa uchungu, lakini peke yake havimtii mtu hamu ya kazi. Hamu hutoka katika kazi yenyewe.

Wataalamu wengine wamebishana naye tangu hapo, na sisi pia tuna neno. Wahandisi wale wa Pittsburgh walikuwa watu wenye mishahara. Hakuna aliyewahoji wakiwa na njaa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maneno yake twaiona kwa macho yetu. Kuna mkunga hapa ambaye mshahara wake haumtoshi, lakini akizalisha salama mama aliyeletwa usiku juu ya pikipiki, hutembea siku nzima kama aliyepandishwa cheo. Na kuna karani mwenye mshahara mara tatu ya huo ambaye hana kazi ya kufanya ila kupokea barua na kuzipeleka mbele, naye amekauka kama mti wa kiangazi.

Kosa la waajiri ni kusoma upande mmoja wa somo hili. Wakisikia kwamba mshahara hautii hamu, husema: "Basi tusiongeze mshahara, tuwape cheti na fulana." Lakini mtaalamu hakusema hivyo. Alisema mambo ni mawili, na moja halilipi deni la jingine. Cheti hakinunui unga. Na unga peke yake haumfanyi mtu ajivunie kazi yake. Mfanyakazi anataka vyote viwili, na vyote viwili ni haki yake.

Wenyeji wa nchi hii hawakungoja kitabu kutoka Pittsburgh. Mchungaji wa Kiturkana huamka kabla ya jua, akatembea na mbuzi na ngamia mchana kutwa, akachimba kisima katika mchanga wa mto mkavu, na hakuna msemaji aliyemhimiza. Kwa nini? Kwa sababu mifugo ni yake na ya watu wake. Akiona mnyama amenenepa anajua maziwa yatakunywewa na nani. Jua ni lile lile linalomchoma mfanyakazi wa ofisi, lakini mchungaji ana fungu lake katika jambo analolifanya. Ndiyo maana wazee husema: mchumia juani, hulia kivulini. Mfanyakazi aliyechumia juani miaka kumi bila kukiona kivuli, moyo wake utatoka wapi?

NENO LILILOGEUZWA

Sasa twafika Kakuma, ambako jambo hili limekuwa na sura ya pekee.

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, walipofika maelfu ya vijana na watoto waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Mwaka 2016 watu walianza kukaa Kalobeyei. Leo mahali hapo pawili pana watu karibu laki tatu. Mji wa watu laki tatu hauendeshwi na wageni wachache wenye magari meupe. Unaendeshwa na wakimbizi wenyewe: walimu, wasaidizi wa wauguzi, wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba, wakalimani, walinzi, wagawaji chakula, mafundi wa maji. Mkalimani mmoja huweza kubeba lugha nne au tano kichwani, na bila yeye daktari hawezi kujua mgonjwa anaumwa wapi.

Watu hawa hawalipwi mshahara. Hulipwa kitu ambacho kambini chaitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya motisha. Ni maelfu machache ya shilingi kwa mwezi, kiasi ambacho mashirika yamepatana baina yao ili shirika moja lisimpite jingine. Mkenya anayefanya kazi ya namna hiyo hiyo katika shirika hilo hilo hupata mara kadhaa zaidi, na mtaalamu kutoka ng'ambo hupata zaidi sana kuliko wote wawili.

Tulifikiri sana juu ya neno hili. Motisha ni kitu kilichomo moyoni mwa mtu, kinachomfanya atake kufanya kazi. Hapa limekuwa jina la bahasha. Na kwa kuwa bahasha imeitwa motisha, haiitwi mshahara. Na kwa kuwa haiitwi mshahara, haihesabiwi kwa sheria ya mishahara. Mtu hufundisha darasa zima mwaka mzima, halafu karatasi yasema kwamba yeye ni mtu wa kujitolea aliyepewa kitu kidogo cha kumtia moyo. Ikiwa kuna mahali popote ambapo moyo wa mfanyakazi umetumiwa kumnyima haki yake, ni hapa.

Twajua majibu ya upande wa pili, na haki ni kuyataja. Jibu la kwanza ni la sheria: kwamba wakimbizi hawakuwa na ruhusa ya kufanya kazi. Ni kweli kwamba chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 mkimbizi alihesabiwa kama mgeni mwingine yeyote katika jambo la ajira, na kibali kilikuwa kigumu kupatikana. Lakini sheria hiyo imefutwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, yasema kwamba mkimbizi ana haki ya kufanya kazi ya kipato, au biashara, au taaluma ambayo ana sifa zake zinazotambuliwa Kenya. Vibali bado huchelewa na wengi hawajavipata, lakini kuchelewa kwa karatasi hakuwezi kuwa sababu ya milele. Tena Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa haki katika kazi, na kwamba kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki na ya kuingia katika chama. Haikusema kila raia.

Jibu la pili ni la chakula: kwamba mkimbizi hupewa posho ya chakula, nyumba na matibabu bure, kwa hiyo hahitaji mshahara kamili. Twauliza: Chakula gani? Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, posho ya chakula ilishushwa mpaka chini ya theluthi moja ya kipimo kamili. Posho ilipunguzwa, lakini motisha haikugeuka kuwa mshahara. Hoja iliyosimama juu ya mguu mmoja imevunjika mguu huo, na bado yasemwa.

Jibu la tatu ndilo lenye uzito: kwamba fedha ni kidogo, na kama kila mmoja atalipwa mshahara kamili, watu wachache wataajiriwa, na watoto wengi watakosa mwalimu. Hatulidharau jibu hili. Lakini mzigo wa upungufu haustahili kubebwa na mmoja tu, tena yule mdogo kuliko wote. Mashirika na yafungue hesabu zake, yaonyeshe ngazi zote za mishahara kutoka juu mpaka chini, ndipo tukae mezani tupatane hatua kwa hatua. Hatukuomba yote kesho. Twaomba mwanzo wenye tarehe.

KWA WANACHAMA WANAOSEMA "HAWA SI WETU"

Kuna wanachama wetu ambao watanung'unika wakisoma haya. Watasema: Sisi wenyewe twalilia kazi, vijana wa Turkana wamekaa bila kazi na vyeti mfukoni, kwa nini chama kijishughulishe na wageni?

Ndugu, malalamiko ya vijana wa Turkana ni ya kweli, na chama chawaunga mkono. Kazi inayoweza kufanywa na mwenyeji isiletewe mtu kutoka mbali kwa ajili ya ujamaa au chai. Lakini tazameni hesabu. Mwajiri akiweza kumpata mtu wa kufanya kazi kwa sehemu ndogo ya mshahara, kijana wa Turkana ataajiriwa kwa bei gani? Ataambiwa: "Kuna mwingine anayekubali kidogo." Malipo duni ya jirani ni kamba shingoni mwako wewe. Njia ya kuilinda kazi ya mwenyeji ni kuhakikisha kwamba hakuna kazi ya bei ya chini iliyowekwa kando kwa watu wasio na sauti.

Tena nchi hii yenyewe yatukumbusha. Huko kaskazini mwetu, Lokitaung, ndiko alikoletwa Makhan Singh mwaka 1950. Alizaliwa Punjab, akaja Kenya akiwa kijana. Mwaka 1935 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa kabila zote, wakati ambapo Mwafrika na Mhindi walitenganishwa. Mwaka 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa Nairobi uliodumu kama miezi miwili, na mishahara ikaongezwa. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Alikamatwa Mei 1950, akawekwa Lokitaung, kisha Maralal, kisha Dol Dol, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Kubai na Bildad Kaggia, nao pia watu wa vyama vya wafanyakazi, waliletwa Lokitaung baada ya kesi ya Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, na mwaka 1959 wakahamishiwa hapa Lodwar.

Twawataja watu hawa kwa sababu mbili. Kwanza, mmoja wao alikuwa mgeni kwa kuzaliwa, na hakuna mfanyakazi wa Kenya leo anayesema kwamba hakuwa wetu. Pili, ni mfano wa moyo wa kazi. Miaka kumi na moja bila ofisi, bila mshahara, bila kujua mwisho; naye hakuiacha kazi yake. Mwaka 1969 alitoa kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi mwaka 1952, kinachotumiwa mpaka leo. Lakini angalieni vizuri: kazi aliyoitolea moyo wake wote ilikuwa nini? Ilikuwa ni kudai kwamba mfanyakazi alipwe mshahara wa haki na apumzike kwa saa za haki. Yeye mwenyewe alijitolea. Hakuwaambia vibarua wa Nairobi wajitolee.

MFANYAKAZI AFANYE NINI

Sasa twarudi kwa yule aliyeuliza swali. Madai huchukua muda, na kesho asubuhi ni kazi. Twashauri mambo haya.

Kwanza, jua kazi yako yaishia wapi. Mtu anayejaza daftari la maji bila kujua daftari linakwenda wapi atachoka upesi. Nenda ukaone. Karani wa dawa na aende siku moja wodini. Dereva wa gari la maji na akae robo saa penye bomba. Wafanyakazi wengi wamepata nguvu mpya kwa kuona tu yule anayeipokea kazi yao. Msimamizi akikataa, mwulize mwakilishi wako akuombee.

Pili, jifunze kitu kimoja kila mwaka ambacho hakuna atakayeweza kukunyang'anya. Mkataba waweza kukatwa, ufundi haukatwi. Mlinzi na ajifunze kuendesha gari, mfagiaji wa hospitali na ajifunze kanuni za usafi wa vyombo, mkalimani na atafute cheti. Na ukiondoka kazini, hata kwa kuachishwa, dai barua ya utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chakupa haki hiyo. Wengi huondoka mikono mitupu kwa kutojua.

Tatu, pumzika. Bidii isiyo na mapumziko si bidii, ni kujiua pole pole. Sheria yakupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa kila miezi kumi na miwili. Kuna wenzetu wanaojisifu kwamba hawajachukua likizo kwa miaka mitatu. Hatuwasifu. Wanajidhuru wenyewe, na wanamzoesha mwajiri kudhani kwamba kazi ya watu wawili yaweza kufanywa na mmoja.

Nne, usikae peke yako. Mfanyakazi aliyefungiwa katika kituo cha mbali na moyo mzito ni mtu wa kutembelewa. Wanachama wa kila kituo na wakutane angalau mara moja kwa mwezi, hata chini ya mti. Mle pamoja, mweke akiba pamoja, mmoja akifiwa mwende. Uchovu ukizungumzwa mbele ya wenzio hupungua, na mara nyingi utagundua kwamba lile ulilodhani ni udhaifu wako ni taabu ya kituo kizima, yaani ni dai.

Tano, toa moyo wako, lakini usiutoe badala ya haki. Fanya kazi vizuri kwa sababu mgonjwa ni mtu na mtoto ni mtu. Lakini andika saa zako. Tunza hati yako ya malipo ya kila mwezi. Mwajiri analazimika kukupa yenye maelezo. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mkataba wa maandishi. Usikubali ahadi ya mdomo. Msimamizi akikuambia, "Kama kweli waipenda kazi hii hutauliza habari ya malipo," mjibu kwa adabu: "Naipenda, bwana, ndiyo sababu nataka niweze kuendelea nayo."

KWA WAAJIRI

Nanyi waajiri, wa Serikali, wa kaunti na wa mashirika, tuna maneno machache.

Lipeni siku iliyotajwa. Kama fedha zimechelewa, waambieni watu mapema na kwa ukweli. Wapeni maji safi ya kunywa kazini. Kifungu cha 32 cha sheria ile ile chawaagiza, na katika joto la Lodwar hilo si jambo la kukumbushwa. Lipeni sawa kwa kazi ya thamani sawa, kama kifungu cha 5 kinavyotaka. Posho ya mazingira magumu isiguswe kwa kalamu ya mtu aliyekaa mahali penye upepo. Acheni kutumia uhamisho wa Turkana kuwa adhabu. Wapelekeni wanaotaka kuja, na wanaokuja wapeni muda unaojulikana na nafasi ya kupanda daraja. Mkabidhini mtu kazi yake kweli kweli, msimsimamie kila dakika kama mtoto. Na mtu akifanya vizuri, mwambieni siku hiyo hiyo, kwa jina lake, mbele ya wenzake. Hilo halina gharama, na ni ajabu jinsi linavyosahauliwa.

Kwa mashirika ya Kakuma twaongeza moja: acheni neno motisha lirudi moyoni, mahali pake. Kinacholipwa mwisho wa mwezi kiitwe mshahara, na kihesabiwe kuwa mshahara. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliopewa nusu hauwezi kushukuru mzima.

Wanachama, tunawaomba mfanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Kila kituo kichague mwakilishi, kama hakina. Kila mwakilishi aandike orodha ya wenye mikataba iliyokwisha ambao bado wanafanya kazi, maana hao wako katika hatari kwanza. Na kila mwanachama anayefanya kazi bega kwa bega na mkimbizi amwalike mwenzake huyo mkutanoni, akae naye, amsikilize.

Moyo wa kazi haupatikani katika ukumbi wa hoteli. Wapatikana pale mtu anapojua kwamba kazi yake ina faida, kwamba ametambuliwa, kwamba hayuko peke yake, na kwamba jasho lake limehesabiwa sawasawa. Mawili ya kwanza twaweza kuanza kuyatafuta kesho asubuhi, kila mtu kazini kwake. Mawili ya mwisho hatutayapata ila kwa pamoja.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.